UZI: Shirika la tiba linalohudumia jamii za nchi nyingine – kati ya "tuwapelekee dawa" na mgonjwa kumeza kidonge

Mizani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaoendesha, au wanaojiandaa kuanzisha, shirika la hisani la tiba linalofanya kazi nje ya nchi lilikosajiliwa. Uchangishaji wa fedha nauacha kando, una wataalamu wake. Tuzungumze kinachotokea kuanzia siku mtu aliposema "tuwapelekee dawa" hadi siku mgonjwa anapomeza kidonge. Nia njema nyingi hupotelea hapo katikati.

Baada ya tetemeko la Armenia la 1988 zilipelekwa tani zisizopungua 5,000 za dawa na vifaa vya tiba. Watu 50 walichukua miezi 6 kujua tu kilichomo ndani ya maboksi. Asilimia 8 zilikuwa zimepita tarehe, asilimia 4 ziliharibiwa na baridi, na katika zilizosalia ni asilimia 30 tu zilizotambulika kwa urahisi. Bosnia na Herzegovina, kati ya 1992 na 1996, ilipokea tani zipatazo 17,000 za dawa zisizofaa, na kuziteketeza kulikadiriwa kugharimu dola milioni 34 za Marekani. Yaani nchi iliyo vitani inabebeshwa gharama ya kuteketeza msaada.

Uzoefu wa aina hiyo ndio uliozaa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu misaada ya dawa, uliotoka 1996 na kurekebishwa 1999 na 2010. Kila mjumbe wa bodi ausome kabla hajapiga kura ya kutuma chochote. Kiini chake ni kwamba dawa iombwe na mpokeaji, iwe imeruhusiwa nchini kwake na ilingane na orodha ya dawa muhimu ya huko, iandikwe kwa jina la jeneriki (jina la dawa yenyewe, si la kibiashara la kampuni) na kwa lugha ambayo wahudumu wa huko wanaisoma. Dawa usiyoruhusiwa kumpa mgonjwa wa nchini kwako, usimpelekee wa nchi nyingine. Masalia ya majumbani, vidonge vilivyorudishwa duka la dawa na sampuli za madaktari havipandi kontena hata kama vinang'aa.

Ombi lenyewe liwe la maandishi, limesainiwa na mganga mkuu wa kituo au mfamasia wake. Ombi linalosema "tunahitaji antibiotiki" lirudisheni kwa heshima. Linalofaa hutaja jina la jeneriki, nguvu ya dawa (miligramu), umbo lake (kidonge, sharubati, sindano), matumizi ya wastani kwa mwezi, kilichopo bohari, na jina la atakayepokea shehena. Mkilikosa hilo, mnabahatisha tu.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni la tarehe. Kanuni ni kwamba dawa iwe na uhai wa angalau mwaka 1 *inapofika nchini*. Wengi huhesabu kuanzia siku ya kufunga maboksi. Chukua dawa yenye miezi 14 siku ya kufungwa. Wiki 8 baharini, wiki 4 bandarini, imeshabaki miezi 11, na hapo bado haijapanda lori kwenda vituoni. Hesabuni kurudi nyuma kutoka kwa mgonjwa.

Karibuni tuchangie.

Wodi_ya_Pili

Asante mkuu kwa uzi. Nyongeza ndogo kwenye hiyo ya mwaka 1: mwongozo unaruhusu dawa yenye uhai mfupi zaidi endapo wataalamu wa upande unaopokea wameelezwa, wamekubali, na kiasi kilichotumwa kitaisha kabla ya tarehe. Muhimu ni wao wakubali kwa maandishi kabla meli haijaondoka. Kuwatumia kwanza kisha kuwaambia "mtajua namna ya kuzitumia" hakuitwi makubaliano.

Mgeni_wa_Mada

Naomba swali. Shirika letu limepewa konsentreta 10 za oksijeni zilizotumika, bado zinawaka vizuri. Kabla hatujazisafirisha tuangalie nini?

Fundi Vifaa Tiba

Ndugu Mgeni, umeuliza wakati mwafaka. Neno "zinawaka" halitoshi kabisa. Konsentreta inaweza kuwaka, ikanguruma na kutoa hewa, na hewa hiyo isiwe oksijeni ya kumwokoa mtu.

Ndani ya mashine kuna kompresa inayosukuma hewa ya chumbani kupitia mitungi miwili yenye chembechembe za zeoliti. Zeoliti hunasa naitrojeni, oksijeni hupita. Mashine nzima hutoa oksijeni ya asilimia 90 hadi 96. Adui wa zeoliti ni unyevu. Mashine iliyokaa stoo miezi mingi bila kuwashwa hunyonya unyevu, zeoliti ikachoka, na asilimia ya oksijeni hushuka kimyakimya. Kwa hiyo washa kila moja, iweke kwenye mtiririko wake wa juu kabisa (lita 5 kwa dakika kama ni ya lita 5), iache ipate moto nusu saa, kisha pima kwa kipima oksijeni cha mkononi. Isipofika asilimia 90, haisafiri mpaka mitungi ya zeoliti ibadilishwe. Usitegemee taa ya onyo, kwa kawaida kengele huanza kulia oksijeni ikishuka hadi asilimia 82. Andika pia saa zinazosomeka kwenye mita ya mashine.

La pili ni umeme. Soma kibati cha nyuma. Kikisema 115 V, 60 Hz na mnaenda penye 230 V, 50 Hz, msidanganyike kwamba transfoma itamaliza kazi. Transfoma hurekebisha volti, haigusi hezi (Hz, masafa ya umeme). Mota iliyotengenezwa kwa 60 Hz ikipewa 50 Hz huzunguka pungufu kwa sehemu 1 kati ya 6. Kompresa itasukuma hewa kidogo, itachemka, na itakufa mapema. Konsentreta za aina hiyo zibaki huko zilipo. Hilo ni chungu kumwambia aliyetoa, lakini mwambieni.

Zikifaa, kila mashine iondoke na furushi lake: stabilaiza ya umeme, kichungi cha hewa cha akiba, vichungi vya bakteria, mirija ya puani ya watu wazima, watoto na wachanga, chupa ya kulowanisha hewa, na kitabu cha matengenezo, maana cha mtumiaji peke yake hakimsaidii fundi. Kwa mashine 10, angalau kipima oksijeni 1 kibaki na fundi wa kituo, na vipuri vya miaka 2 vinunuliwe siku ileile. Kukumbuka kipuri baada ya mashine kufa ni kuanza tena safari ya forodha upya.

Matunzo ya kila wiki: chomoa kichungi cha sponji, kioshe kwa maji na sabuni, kikamue, kikauke *kabisa*. Ndiyo maana viwe viwili, kimoja kikiwa kamba ya nguo kingine kinafanya kazi. Kichungi kikirudishwa kibichi, unyevu unaingia moja kwa moja kwenye zeoliti.

Wodi_ya_Pili

Na oksijeni bila kipimo cha kidoleni ni kubahatisha. Kila konsentreta ifuatane na kipima oksijeni ya damu chenye kibanio cha mtoto mchanga. Kibanio cha mtu mzima kwenye kidole cha kichanga hutoa namba ya uongo. Mashine moja ya lita 5 inaweza kuhudumia watoto kadhaa kwa kigawanya mtiririko, kwa kuwa kichanga huhitaji kama lita 0.5 hadi 1 na mtoto mdogo lita 1 hadi 2 kwa dakika. Lakini jumla isizidi uwezo wa mashine, la sivyo oksijeni itapungua kwa wote.

Fundi Vifaa Tiba

Umenena, dada. Naongeza neno moja kwa bodi. Tafiti za vifaa tiba katika nchi zenye kipato kidogo zimeonyesha takriban asilimia 40 havifanyi kazi. Nenda na swali hili kwenye kila kifaa: nani atakitengeneza, kwa kipuri gani, kinacholipiwa na nani mwaka wa tatu? Mashine ya maabara inayotumia kemikali za kampuni moja tu huwa pambo siku kemikali zinapoisha. Bei ya kifaa ni sehemu ndogo, gharama kubwa hukaa kwenye kukitumia.

Karani wa Shehena

Wakuu, niwaingize bandarini.

Kontena la futi 20 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 33, la futi 40 takriban 67. Lijaze kwa mahitaji. Kuna mtindo wa kuona nafasi imebaki kisha mtu anasema "tuweke na nguo, na viti, na vitabu". Hapo ndipo mnapoharibu msamaha wa ushuru wa shehena nzima, maana msamaha ulitolewa kwa orodha ya vifaa tiba, na afisa forodha akikuta kisichoandikwa ana haki ya kushusha kila boksi.

Mpangilio wa hatua uwe hivi na usigeuzwe. Kwanza kibali cha kuingiza dawa kutoka mamlaka ya dawa ya nchi inayopokea. Pili barua ya msamaha wa kodi. Tatu ndipo meli. Kontena likitangulia, siku za bure bandarini zinaisha huku barua inazunguka maofisini, na tozo ya kila siku huanza kuhesabiwa: upande mmoja bandari inadai nafasi, upande wa pili kampuni ya meli inadai kontena lake. Zikipita wiki kadhaa deni linaweza kuzidi thamani ya kilichomo.

Hati za kuandaa: hati ya shehena, orodha ya vilivyopakiwa, ankara ya proforma (ya kuonyesha thamani, si ya kudai malipo), cheti cha msaada, cheti cha asili ya bidhaa, na kwa dawa cheti cha uchambuzi cha kila bechi (kundi la dawa lililotengenezwa pamoja). Orodha ionyeshe boksi kwa boksi: jina la jeneriki, nguvu, idadi, namba ya bechi, tarehe ya mwisho, uzito. Namba ya bechi ikikosewa herufi moja kati ya cheti na boksi, dawa hiyo hukwama. Mtu mmoja asome kwa sauti kutoka kwenye boksi, wa pili afuatishe kwenye karatasi.

Thamani msiandike sifuri, na msiandike bei ya dukani. Tumieni bei ya jumla ya jeneriki kwenye soko la kimataifa. Wanaoipandisha ili ripoti ya mwaka ionekane nono humpandishia mpokeaji bima, tozo na maswali ya kodi.

Mpokeaji anayeandikwa kwenye hati ya shehena awe yuleyule mwenye msamaha. Akiandikwa mchungaji au daktari rafiki kwa jina lake binafsi, kodi inamwangukia yeye.

Mgeni_wa_Mada

Na dawa za maumivu makali na za usingizi? Madaktari wetu wanataka kubeba chache kwenye mabegi.

Karani wa Shehena

Hapana, ndugu. Mofini, pethidini na fentanili ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961, na diazepamu, midazolamu na fenobabitali chini ya ule wa 1971. Mofini na wenzake huhitaji kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya nchi inayopokea, kisha kwa kibali hicho nchi inayotuma hutoa kibali cha kutoa, na kiasi huhesabiwa kwenye makisio ya mwaka ya nchi inayopokea. Za kundi la 1971 masharti hutofautiana, ila nchi nyingi hudai vibali vyote viwili. Ketamini haimo kwenye mikataba hiyo miwili, lakini nchi kadhaa huidhibiti kwa sheria zao, kwa hiyo ulizeni kwanza. Daktari akikamatwa uwanja wa ndege na ampuli mfukoni, kesi inakuwa ya dawa za kulevya, na kituo mlichokuja kusaidia kinaingia kwenye uchunguzi. Njia salama ni kununua kwa mwenye leseni hukohuko nchini.

Mizani (mleta mada)

Hilo la kununua hukohuko lipanuliwe kwa dawa zote za kawaida. Bohari ya taifa au msambazaji mwenye leseni akiwa na dawa yenye ubora uliothibitishwa, pesa ifuate huko. Unaokoa wiki za bahari, lebo ziko kwa lugha ya wahudumu, na dawa ikiondolewa sokoni kwa kasoro, taarifa inakifikia kituo.

Bohari Juu

Naomba kutofautiana na mleta mada kidogo. Kununua ndani ni sawa kama msambazaji anazo. Palipo na uhaba nchi nzima, shirika lenye fedha za kigeni likinunua kila kilichopo linavinyang'anya vituo visivyo na mfadhili. Angalieni kwanza hali ya bohari ya taifa. Ikiwa ina upungufu, agizeni kutoka nje kupitia wao.

Sasa hesabu ya kuagiza, kwa kuwa hapa watu huteleza. Mfano: kituo kimetoa vidonge 36,000 vya amoksilini kwa miezi 6, lakini katika miezi hiyo dawa haikuwepo kabisa kwa miezi 2. Asiyejua anagawa kwa 6 na kupata 6,000. Matumizi halisi ni 36,000 gawanya kwa 4, yaani 9,000 kwa mwezi. Mzigo ukichukua miezi 4 kufika, mkiagiza kila baada ya miezi 3, na akiba ya tahadhari ikiwa miezi 2, mnahitaji miezi 9 mara 9,000, sawa na 81,000. Toa 10,000 zilizopo na zozote zilizo njiani. Agizo ni 71,000. Kwa hesabu ya kwanza mngeagiza 44,000, pungufu ya 27,000, ambayo ni miezi 3 kamili rafu ikiwa tupu. Na upungufu huo unajizalisha upya, kwa sababu mwaka ujao mtasoma tena matumizi madogo na kuagiza kidogo.

Stoo yenyewe: maboksi juu ya paleti, angalau sentimita 10 kutoka sakafuni, sentimita 30 kutoka ukutani, rundo lisizidi mita 2.5. Inayoisha tarehe mapema itoke mapema, hata kama iliingia jana. Oksitosini, insulini na chanjo nyingi zikae kati ya 2 na 8 °C. Watu huogopa joto wakasahau kuganda: insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Usiiegemeze kwenye ukuta wa nyuma wa friji.

Wodi_ya_Pili

Nigeukie timu za upasuaji zinazokuja kwa wiki mbili, maana huko makosa hubaki mwilini mwa mtu.

Leseni za muda ziombwe mapema kwenye baraza la madaktari la nchi husika. Wagonjwa wachaguliwe na timu ya kituo, wageni wathibitishe tu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, yenye vipengele 19, isomwe kwa sauti kwa lugha ambayo kila aliyemo chumbani anaielewa, kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka. Kama mkalimani hayupo chumbani, kipengele cha kuthibitisha mgonjwa na sehemu ya kupasua kimeshindikana.

Ratiba ndiyo inayookoa au kuua. Katika siku 10 za kazi, upasuaji mkubwa ufanyike siku 5 za mwanzo, mdogo ufuate, na siku mbili za mwisho zisiwe na upasuaji wowote. Maambukizi ya kidonda hufuatiliwa hadi siku 30, na kwa sehemu kubwa ya siku hizo mko nyumbani kwenu. Kabla ya kufika pawe na karatasi inayosema: daktari gani wa kituo atawaona wagonjwa, fedha ya kuwarudisha chumba cha upasuaji iko wapi, na daktari mgeni atapatikana kwa simu saa ngapi. Nakala ya maelezo ya upasuaji abaki nayo mgonjwa na ya pili kituo.

Otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) ya kawaida isiyo na pampu ya kuvuta hewa huhitaji dakika 30 kwa 121 °C kwa vifaa vilivyofungwa. Timu iliyozoea mashine ya 134 °C ya dakika 4 ikipunguza muda kwa haraka, vifaa vinatoka na moto lakini si safi. Na kabla ya kuahidi wagonjwa 12 kwa siku, hesabuni seti za vifaa: seti 4 na mzunguko wa saa 2 kuosha, kufunga, kuchemsha na kupoza huenda zisitoshe.

Ya shinikizo la damu nitaisema kwa ufupi kwa sababu inaniuma. Kupima watu 500 kwenye turubai na kuwapa vidonge vya siku 30 vya dawa ambayo kliniki ya hapo haina, si matibabu. Tumieni dawa iliyo kwenye mwongozo wa nchi, na kila aliyekutwa na tatizo aondoke na tarehe ya kliniki iliyoandikwa.

Mhasibu wa Hisani

Ya fedha, kwa kifupi. Fedha iliyotolewa kwa kazi maalumu iwe na daftari lake, msikope humo kulipa mishahara. Malipo yawe na saini mbili, na anayeagiza asiwe anayepokea mzigo. Wekeni akiba ya gharama za angalau miezi 3, maana uhamisho wa fedha kwenda nchi nyingine unaweza kushikiliwa na benki kwa ukaguzi wiki nzima, na muuguzi hawezi kusubiri.

Mishahara ilingane na viwango vya huko. Shirika likilipa mara tatu ya serikali linawavuta wauguzi wa hospitali ya wilaya, na wodi waliyoiacha haina mfadhili wa kuisemea. Na picha za wagonjwa: idhini ya maandishi, iombwe na mtu ambaye siye anayetoa tiba, ili mgonjwa aweze kukataa bila hofu ya kukosa huduma.

Mgeni_wa_Mada

Nashukuruni sana. La mwisho: kituo tunachoshirikiana nacho kina chumba kimejaa dawa zilizopita tarehe kutoka kwa mashirika yaliyotangulia. Wanachoma shimoni nyuma ya jengo.

Bohari Juu

Waombeni wasitishe, moshi huo unaingia wodini. Kuteketeza vizuri vidonge kunahitaji tanuri la vyumba viwili linalofika angalau 850 °C, na shimo halikaribii hapo.

Kama tanuri halipo, njia ya pipa inakubalika. Kwanza mamlaka ya dawa itoe kibali na shahidi. Tengeni pembeni dawa za saratani, zilizodhibitiwa na makopo ya kupuliza, hayo yana taratibu zake. Vidonge na kapsuli vitolewe kwenye maboksi ya karatasi. Chukueni pipa safi la chuma lisilowahi kubeba kitu cha kulipuka, jazeni hadi robo tatu tu. Changanyeni chokaa, saruji na maji kwa uzito wa 15:15:5, ongezeni maji kidogo ikiwa zege ni zito mno kupenya kati ya vidonge, kisha mimineni hadi pipa lijae. Kunjeni mfuniko, uchomelewe. Likishashika, pipa liende chini kabisa ya dampo rasmi, mbali na chanzo cha maji, na lifunikwe taka.

Kila pipa liandikwe namba, na orodha ya kilichomo isainiwe na mfamasia, mkuu wa kituo na shahidi wa mamlaka. Gharama ya mapipa, saruji na lori iingie kwenye bajeti yenu ya mwaka huu, hata kama dawa si zenu.